Kiyoyozi cha ukutani kinadondosha maji kitandani: je, ni kweli kwamba gesi imeisha?

Mama Zawadi, South B

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa ambazo huenda sistahili kuzitoa.

Mwezi wa Januari nilihamia nyumba ya kupanga kwenye ghorofa ya mwisho, ambayo juu yake ni mabati tu, na ikifika saa nane mchana chumba cha kulala huwa tanuri. Bahati yangu ni kwamba mpangaji aliyenitangulia aliacha kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Kilifanya kazi vizuri kwa majuma matatu, kisha kikaanza kupoza kwa kusuasua, na Jumanne usiku niliamshwa na matone ya maji yaliyokuwa yakiangukia mto wangu. Kulipokucha niliona maji yamechora ukutani mstari wa rangi ya chai, kutoka kwenye kiyoyozi hadi karibu kabisa na soketi.

Fundi aliyeletwa na msimamizi wa jengo alikaa dakika kumi, akagusa bomba moja, akaniambia kwamba gesi imeisha na kwamba ni kawaida kuongezwa kila mwaka, kama mtungi wa kupikia. Malipo anayotaka yanakaribia robo ya kodi yangu ya mwezi. Je, gesi ya kiyoyozi huisha kweli? Na gesi ikiisha, haya maji yanatoka wapi?

Fundi wa Baridi

Mama Zawadi, pole sana. Nimefanya kazi hii Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi, na swali lako la mwisho ndilo ambalo fundi huyo alipaswa kujiuliza. Kabla ya yote, zima swichi ya kiyoyozi ukutani, si kwa rimoti peke yake, na usiitumie soketi hiyo mpaka ukuta ukauke.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia, kwa sababu haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote, na ile iliyotiwa siku ya kwanza ndiyo inayopaswa kuwamo miaka kumi baadaye. Unakumbuka muuguzi anavyokupaka pamba yenye spiriti kabla ya sindano, mkono ukahisi baridi? Spiriti inageuka mvuke, na katika kugeuka huko inachukua joto la ngozi yako. Gesi hufanya vivyo hivyo: inaingia katika koili ya ndani, yaani bomba lililokunjwakunjwa, ikiwa kimiminika chenye shinikizo dogo, inachemka humo ingawa koili yenyewe ni baridi, na inanyonya joto la hewa ya chumba inayopulizwa na feni. Kompresa iliyo kwenye kipande cha nje huivuta, huigandamiza mpaka iwe ya moto kuliko hewa ya nje, nayo hulitema joto hilo na kurudi kuwa kimiminika. Kisha hupitishwa katika njia nyembamba inayoshusha shinikizo, na mzunguko unaanza upya. Ikipungua, basi kuna tundu, na kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kujaza maji kwenye pakacha.

Sasa maji. Chupa ya soda uliyomwambia muuzaji akupe baridi hutoa jasho ukiiweka mezani, na koili ya ndani hutoa jasho la namna hiyohiyo. Jasho hilo hudondokea kwenye trei iliyo chini ya koili na kutoka nje kwa bomba la plastiki linaloteremka. Likiziba kwa utelezi au vumbi, au likiwekwa bila mteremko, trei hufurika na maji huja kitandani kwako.

Kuna sababu ya pili, nayo ndiyo ninayoishuku zaidi. Filta ikijaa vumbi, hewa haipiti vya kutosha juu ya koili, ubaridi unashuka chini ya sifuri, na jasho linaganda kuwa barafu. Barafu huziba hata ile hewa ndogo iliyobaki, ndiyo maana kinasuasua, na ikiyeyuka usiku trei haiwezi kuyabeba maji yote kwa mara moja. Simtetei fundi wako, lakini gesi iliyopungua nayo huleta barafu, kwa hiyo hakukosea kuishuku. Alikosea kuanza nayo. Je, ulishawahi kufungua kifuniko cha mbele ukatoa filta?

Mama Zawadi, South B

Sikujua kwamba kinafunguka. Nimekifungua sasa hivi. Filta mbili zimefunikwa na kitu cha kijivu kinene kama kipande cha blanketi, na jirani yetu anajenga ghorofa tangu mwaka jana. Nyuma yake koili ina utando mweupe wa barafu upande mmoja.

Fundi wa Baridi

Basi tumemwona mwizi, au mmoja wao. Osha filta kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uzikaushe kivulini kwa sababu jua kali huzipinda, na usizirudishe zikiwa mbichi. Kiache kimezimwa mpaka barafu iyeyuke yenyewe, ukiwa umetandaza taulo chini. Usiikwangue kwa kisu, kwani mapezi ya koili, vile vibati vyembamba, hupinda kwa kidole tu na bomba likitoboka hapo ndipo utakuwa na tundu kweli. Kisha mimina kikombe cha maji polepole kwenye trei, na mtu asimame nje aone kama yanatoka.

Kwa ujenzi ulio jirani yako, osha filta kila wiki mbili. Kipande cha nje nacho huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, umeme ukiwa umezimwa. Umekiweka wapi?

Mama Zawadi, South B

Kiko kwenye balkoni, na ninaona aibu kusema kwamba ndipo ninapoanika mablanketi.

Mkazi wa Syokimau

Mnisamehe, lakini kiyoyozi Nairobi ni anasa. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, na mwezi wa Julai watu wanavaa makoti. Feni ingemtosha, na mwenye nyumba aweke dari chini ya mabati.

Fundi wa Baridi

Kuhusu dari nakubaliana nawe kabisa, na Mama Zawadi amwonyeshe mwenye nyumba maneno yako. Lakini feni iliyo chini ya mabati ya Februari inazungusha joto tu. Mama, mablanketi hayo yaondoe: kipande cha nje kinatafuta mahali pa kutupa joto, nawe umekivika nguo.

Hesabu za Tokeni

Niongeze moja. Wengi huweka rimoti kwenye nyuzi 16 wakidhani chumba kitapoa haraka. Kiyoyozi cha kawaida kisicho na inverta, yaani kifaa cha kubadilisha kasi ya kompresa, hupoza kwa nguvu ileile, uweke 16 au 25. Tofauti ni kwamba kwenye 16 kompresa haipumziki. Cha BTU 12,000 hula takriban uniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inanguruma. Weka 25, funga dirisha na pazia mapema. Na tafadhali, mtu asiwashe jiko la makaa ndani ya chumba hicho akidhani kiyoyozi kinaleta hewa safi. Kinaizungusha hewa ileile, na hewa ya sumu ya makaa hubaki humo.

Mama Zawadi, South B

Na barafu ikirudi baada ya kuosha?

Fundi wa Baridi

Hapo tafuta fundi mwingine, na umwangalie anavyoanza. Apake povu la sabuni kwenye nati za mabomba atafute tundu, alizibe, avute hewa yote kwa pampu, kisha apime gesi kwa mizani kulingana na kibandiko cha kipande cha nje. Kibandiko kikisema R32, asiwe na sigara wala moto karibu, kwani gesi hiyo inaweza kuwaka. Kikisema R22, hiyo ni ya zamani, inayoondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, na heri umshauri mwenye nyumba anunue kipya.

Mama Zawadi, South B

Narudi baada ya siku tano. Filta zilitoa maji meusi ndoo mbili. Kikombe cha kwanza kilijaa kwenye trei kikagoma, tukakuta nyigu wamejenga kwa udongo kwenye mdomo wa bomba la nje; mwanangu aliuchokoa kwa kijiti. Barafu haijarudi, chumba kinapoa kwa nyuzi 25, na fundi wa gesi nimemwambia asubiri kwanza. Sasa msimamizi wa jengo ameuliza ni nani anayedondosha maji juu ya gari lake, kwa hiyo kesho nanunua mita mbili za mpira wa kuliongezea bomba.