Gumzo la Familia: Stoo ya Mama na Mgongo Wake

Mama: Hamjambo wanangu. Nataka ile stoo iwe tupu kabla ya wiki kwisha. Sufuria, mablanketi, meza ndogo, nguo, vitabu, vyote viende kwa wenye shida navyo. Ila asubuhi hii nimeshusha katoni za juu kidogo tu, mgongo ukanikamata. Kuinuka kwenye kiti naona kazi.

Dada Mkubwa: Shikamoo Mama, pole sana. Usiguse katoni nyingine. Kabla ya kuingia stoo ulikuwa unafanya nini?

Mama: Marahaba mwanangu. Niliamka alfajiri nikaenda bustanini kupalilia, nikamaliza tuta zima. Nilipotoka huko ndipo nikaingia stoo.

Mjomba: Pole dada. Lala chali sakafuni siku tatu, usinyanyuke. Na utafute mkanda wa kiuno ujifunge.

Kitinda Mimba: Mama kwa nini hukuniamsha?

Dada Mkubwa: Mama, nijibu haya kwanza, na mengine ukitaka nijibu pembeni. Miguu ina ganzi au imelegea? Pale unapokalia pana ganzi? Haja ndogo inatoka kama kawaida, na unaweza kuizuia? Una homa? Ulianguka?

Mama: Hapana kwa yote. Ni kiuno tu, upande wa kushoto, kinabana nikiinama.

Dada Mkubwa: Afadhali. Ganzi ya pale unapokalia, mkojo kukataa au kutoka wenyewe, miguu kuishiwa nguvu: hayo yakitokea saa yoyote, hata usiku wa manane, tunakwenda hospitali muda huohuo. Ile mishipa ya fahamu ya chini ikibanwa haisubiri kesho. Hii yako inaelekea kuwa ni misuli na viungo vilivyochoshwa, na kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki chache.

Dada Mkubwa: Mjomba shikamoo. Naomba nipingane nawe kwa heshima. Zamani hata madaktari waliagiza kitanda. Siku hizi tunajua kwamba mgongo ukilazwa siku nyingi unakakamaa, misuli inadhoofika, na kupona kunachelewa. Alale akizidiwa, lakini ainuke mara kwa mara atembee humo ndani, hata kwa hatua fupifupi.

Mjomba: Marahaba mama. Na mkanda je?

Dada Mkubwa: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yanayodumu, na mikanda ni miongoni mwa vitu ambavyo halishauri vitumike kama tiba ya kawaida. Linachotilia mkazo ni mazoezi na mgonjwa kuelewa vizuri hali yake. Shirika hilohilo linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Kwa hiyo Mama si wewe peke yako.

Mama: Na dawa?

Dada Mkubwa: Anza na joto. Chupa ya maji ya moto, uizungushie taulo, dakika 15 hadi 20, usilale nayo. Vidonge usinywe vya kuazima. Wewe una presha, na dawa za aina ya ibuprofeni zinaweza kuipandisha na kusumbua figo na tumbo. Muulize kwanza daktari wako.

Shangazi: Nimechelewa kuona. Wifi pole jamani. Nitapita jioni nikuone. Kuhusu hivyo vitu vya stoo, mnavipeleka wapi? Mmeshawapigia?

Kaka: Shangazi shikamoo. Si tunapakia tu kwenye gari tunawapelekea? Watakataa msaada?

Shangazi: Marahaba. Watakataa baadhi, na wana haki. Mimi nimekaa miaka kwenye meza ya kupokea misaada, sikilizeni niwaambie kinachotokea. Mtu anafika usiku, geti limefungwa, anaacha mifuko nje. Mvua inanyesha. Asubuhi tunafungua mfuko, juu kuna shati zuri kabisa la mtoto, chini kuna taulo lililofungwa likiwa bichi. Siku chache tu, mfuko mzima una ukungu na harufu. Shati lile zuri nalo tunalitupa. Halafu kituo kinalipa gari la taka kwa fedha ambazo zingewanunulia watoto daftari. Aliyeleta alikuwa na nia njema, lakini ametuongezea mzigo.

Shangazi: Kwa hiyo kwanza simu. Uliza wanahitaji nini sasa hivi, wanapokea siku gani na saa ngapi, na kama wana gari la kufuata vitu vizito. Vituo vingine vinalo.

Kitinda Mimba: Shangazi shikamoo. Nimeanza kutoa vitu sebuleni. Nitenganishe vipi?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kila kitu kishike mkononi ujiulize, ningempa rafiki yangu hiki bila kuona aibu? Kama jibu ni hapana, hakiendi. Nguo zifuliwe zikauke kabisa, hata pindo la suruali ulishike uone. Zipu ivute juu na chini. Viatu ufunge pea kwa kamba zake, maana kiatu kimoja kikipotea cha pili ni taka. Vyenye umeme vichomeke uvijaribu, na waya wake uufungie hapohapo. Vya glasi vizungushie gazeti na uandike juu ya katoni.

Kitinda Mimba: Meza imelegea miguu, nikaamua kuifungua kabisa. Skrubu nimeziweka kwenye bahasha.

Shangazi: Vizuri sana. Bahasha uibandike kwa gundi ya utepe chini ya ubao wa meza. Nimeona meza nyingi zikikaa ukutani mwaka mzima kwa sababu ya skrubu nne.

Kaka: Kuna kiti cha mtoto cha gari na kofia ya pikipiki.

Shangazi: Hivyo acheni. Kiti cha gari au kofia iliyowahi kupata ajali inaweza kuwa na ufa usioonekana, na anayepokea hana njia ya kujua. Vituo vingi havivipokei. Dawa zilizobaki pia hapana kabisa, hizo rudisheni kwenye duka la dawa.

Mjomba: Na ile simu ya zamani na kompyuta?

Kaka: Hizo niachieni. Naondoa akaunti zote kwanza, kisha naifuta kumbukumbu na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Kufuta picha moja moja hakutoshi.

Mama: Makoti ya baba yenu nayo yaende. Yamekaa miaka, na yangali mazima.

Dada Mkubwa: Sawa Mama 💛

Shangazi: Wifi, naomba lile la kahawia la kaka yangu nibaki nalo mimi.

Mama: Ni lako. Nimelitundika mlangoni.

Shangazi: Asante sana wifi. Mengine mkague mifuko yote, hata ile ya ndani ya bitana. Watu huacha vitambulisho, hati, hata pete.

Kaka: Jumamosi nakuja na gari. Katoni kubwa ninazo mbili, tujaze vitabu humo.

Dada Mkubwa: La, kaka! Vitabu viende kwenye katoni ndogo. Katoni kubwa ya vitabu haibebeki, na hapo ndipo mgongo wa pili unapoharibika. Vitabu chini, mablanketi juu, na katoni isizidi ile unayoweza kuikumbatia. Ukiinua, ilete kifuani kwanza, kunja magoti, na ukitaka kugeuka geuza miguu. Kuinua na kujisokota kwa pamoja ndiko kubaya zaidi.

Mama: Haya. Sasa mimi niambieni la bustani. Magugu hayangoji mtu apone.

Mjomba: Dada, bustani iache mwezi.

Dada Mkubwa: Hapana mjomba, bustani ndiyo mazoezi yake, na inampa raha. Tubadilishe namna tu. Mama, la kwanza ni saa. Usiku tunapolala, zile diski zilizo katikati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji na kujaa. Ndiyo maana asubuhi mtu anakuwa mrefu kidogo kuliko jioni. Zikiwa zimejaa hivyo, kuinama kunaziminya zaidi. Wewe uliinama alfajiri, ukakaa umeinama tuta zima, kisha ukainua mizigo kutoka juu ya kichwa. Saa nzima ya kwanza baada ya kuamka, tembea, fagia umesimama wima, mwagilia. Kupalilia baadaye.

Mama: Mwagilia kwa lile kopo kubwa?

Dada Mkubwa: Lita moja ya maji ni kilo moja. Kopo la lita 10 likijaa ni kilo 10 na zaidi, na zote zinakuvuta upande mmoja. Tumia makopo mawili, kila moja nusu, moja kila mkono. Au mpira wa maji ukifika.

Dada Mkubwa: Kupalilia, piga goti moja juu ya mto au gunia lililokunjwa, mguu mwingine mbele, mkono mmoja uegemee paja. Dakika 20, kisha inuka, shika kiuno kwa viganja, jinyooshe nyuma taratibu, ufanye kazi nyingine. Hata kama tuta halijaisha. Hasa kama tuta halijaisha, maana najua ndipo unapojiambia "bado kidogo tu".

Mama: Mwanangu unanijua 😄

Kaka: Lile jembe lako la mpini mfupi ndilo linalokuinamisha. Nitakutilia mpini mrefu. Na nikipata mbao nitakujengea matuta mawili ya kuinuka, kama sentimita 70, upalilie umekaa kwenye kigoda kirefu.

Mama: Sepetu ile nzito nayo siiwezi tena.

Shangazi: Iende na mizigo. Nimewapigia watu wa kituo sasa hivi, wana bustani ya mboga na wameomba vifaa. Mablanketi na sufuria wanataka sana. Vitabu vya shule ndiyo. Nguo za watu wazima watachukua makoti tu, nyingine zimewajaa. Magodoro wamesema hapana. Wanapokea Jumamosi hadi saa nane mchana, na watatuandikia stakabadhi ya vitu.

Kitinda Mimba: Godoro moja lina doa, jingine ni safi kabisa.

Shangazi: La doa ni la kutupa. Lile safi tuulize jirani mmojammoja kabla ya kutafuta kituo kingine.

Kaka: Basi saa tatu niko hapo. Mjomba utakuja tushikane upande wa pili wa kabati?

Mjomba: Nakuja. Dada asionekane karibu na gari.

Mama: Nitakaa na daftari niandike kinachotoka.

Dada Mkubwa: Ukae nusu saa, kisha uinuke utembee 🙏🏾

Mama: Nimeshainuka. Natafuta chupa ya maji ya moto.