Kaseti 37 za marehemu mjomba: nianzie wapi kabla ya arobaini?

MpwaWaTanga
Habari zenu. Mjomba ametuachia kaseti 37, karibu zote za dakika 90. Hakurekodi nyimbo. Ni mvua juu ya bati, wauza samaki wakinadi, majogoo, na kabla ya kila sauti yeye mwenyewe anataja saa na upepo unakotoka. Mtaani walimwona kituko. Arobaini ni wiki tatu zijazo, tunataka watu wamsikie. Tano zina ukungu mweupe, moja imekatika, na nyingine sauti yake inatoka nyembamba kama ya mtoto. Naogopa redio isije ikazila.

FundiDeki
Poleni sana na msiba. Zenye ukungu zitenge leo, usizipige hata kwa kujaribu: unga ule unabaki kwenye kichwa cha redio (kile kinachosoma mkanda) na kuhamia kaseti zilizo safi. Zifungie kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Zilizo nzima, vunja kwanza vijino viwili vya nyuma ili asirekodi mtu juu yake. Zungusha mkanda kwa kalamu ya biki. Ukiwa mzito, usilazimishe. Kisha upeleke wote mbele na kuurudisha. Safisha kichwa na rola ya mpira kwa spiriti kila baada ya kaseti mbili tatu.

Iliyokatika usiiunge kwa selotepu ya dukani, gundi yake huvuja na kugandisha mizunguko. Tafuta utepe wa kuungia kaseti, ubandike upande usiogusa kichwa.

Mnasasauti
Ukizihamishia kwenye kompyuta, rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kHz 48, vilele vya sauti vibaki chini ya dB -6. Kaseti moja itakula GB 1.5 hivi, zote kama 58. Muda wa kuzipiga zote ni saa 55 na nusu, kwa hiyo chagua kwanza nne au tano za arobaini.

Na tafadhali, usitumie kisafisha kelele kwenye zile za mvua. Kwa programu, mvua ya bati na mchakacho wa mkanda ni kitu kimoja. Itafuta kazi ya mjomba yote. Wala usikate pale anapotaja saa na upepo. Hiyo ndiyo saini yake.

FundiDeki
Ile ya sauti nyembamba, nadhani alirekodi betri zikiwa zimechoka: mota ilizunguka polepole, sasa redio yenye nguvu inaikimbiza. Punguza mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja, ukilinganisha na kaseti anayosikika vizuri. Angalia pia mwisho wa upande. Betri zilivyozidi kufa ndivyo sauti inavyozidi kupanda, kwa hiyo irekebishe vipande vipande.

MpwaWaTanga
Ahsanteni sana. Naanza na ya mvua, bila kufuta kitu.