Ati "ya ndani hayaonekani": Tiger yangu imekuja na theluthi ya magurudumu

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka, kwa kuwa jibu la muuzaji nimelipata nusu saa iliyopita. Sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kununua humu vipande vya kuunganisha modeli anamfahamu, na wengine bado mnamdai.

Niliagiza modeli ya Tiger I, kile kifaru kizito cha Wajerumani, kwa sababu niliwahi kusimama mbele ya Tiger 131 katika makumbusho ya Bovington, Uingereza, ile iliyotekwa Tunisia mwezi wa Aprili 1943, na kilichonishika siku ile ni magurudumu yake. Kila upande una ekseli 8, kila ekseli inabeba magurudumu 3, nayo yamelaliana na ya jirani kama vigae vya paa, jumla 48. Kwenye picha ya boksi yamelaliana hivyohivyo. Ndani ya boksi nimekuta 16, ya kupangwa mstari mmoja kama ya behewa! Nilipomuuliza, akaandika: "Ya ndani hayaonekani, ndugu."

Hayaonekani! Askari waliofungua magurudumu ya nje ili kulifikia moja bovu la ndani, huku matope ya Urusi yameganda katikati, wao waliyaona vizuri sana. Nimeinamia meza usiku 4, mgongo umekuwa upinde, macho yamenitoka kama ya kaa, halafu naambiwa ya ndani hayaonekani! Maini yangu nayo hayaonekani, ayatoe basi!

Fundi Vipande: Pole sana, mkuu. Mimi mnyororo wa Tiger yangu ulikatika siku ileile nilipoufunga, naye akanijibu kwamba kifaru cha mezani hakina safari.

Mzee wa Deraya: Mleta mada, umejitakia. Mtu mzima unalipa bila kuuliza idadi ya vipande, kisha unakuja kutulilia hapa usiku wa manane?

Kibiriti: Afadhali yako. KV-2 yangu, ile ya Kirusi yenye mzinga wa milimita 152 na kichwa kirefu kama kabati, nikikigeuza kichwa kinadondoka chote.

Mzee wa Deraya: Hata KV-2 yenyewe ilipata taabu kugeuza kichwa ikiwa mteremkoni. Wewe umepata nakala halisi.

Kibiriti: Halisi haikudondosha kichwa sakafuni, mzee.

Mama Seti: Kero kubwa kuliko zote ni stika. Nililipia vipande vilivyochapwa, nikaletewa misalaba ya Kijerumani ya kubandika, na sasa inajikunja pembeni kama majani makavu.

Mleta mada: Wakuu, tafadhali rudini kwenye magurudumu. Ameniandikia kwamba ya ndani hayaonekani!

Fundi Vipande: Mama Seti, ulifuta vumbi kwanza kabla ya kubandika?

Mama Seti: Nilifuta kwa kitambaa chenye unyevu.

Fundi Vipande: Unyevu ndio uliokuponza.