Mwanangu ana kipandikizi cha koklea: nyumbani asikia, chuoni haelewi

MamaKisauni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka minne, mwaka jana alipandikizwa kifaa cha kusikia kwenye koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio, upande wa kulia. Nyumbani nikimwita aitika. Chuoni watoto wakisoma kwa pamoja, au tukiwa sokoni Marikiti, huwa kama hana kifaa kabisa. Maalim asema ni kiburi. Mie najua si kiburi, ila sina la kumjibu. Je, kifaa kimeharibika?

BabaPacha_Likoni: Waaleikum salaam dada, pole. Mpeleke kwa mtaalamu wa usikivu akikague, shaka ikutoke. Lakini hayo hutokea hata kifaa kikiwa kizima. Koklea yenye afya ina takriban seli 3,500 za kupeleka sauti kwenye ubongo. Kipandikizi kina elektrodi, yaani ncha ndogo za umeme za kupitishia sauti, 12 hadi 22 tu, kutegemea aina. Penye utulivu zatosha. Penye kelele, sauti ya maalim na za wale watoto zapita njia zizo hizo chache, zikifika zimechanganyika. Na sikio moja halimwonyeshi vizuri sauti yatoka upande gani.

Mwl_Majengo: Niongeze hili, maana laniuma watoto hawa wakiitwa wakaidi. Mtu mzima akikosa neno hulikisia, kwa kuwa lugha anayo. Huyu ameanza kusikia juzi, atakisia kwa lipi? Hata watoto wenye masikio mazima hushindwa na kelele kuliko sisi. Akae mbele, sikio la kulia limwelekee maalim, na auone mdomo wake. Umbali ukipungua nusu, sauti yaongezeka kama desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti), mwangwi ukiwa mdogo. Feni isiwe juu yake. Mikeka na mapazia pia husaidia, chumba cha saruji tupu chavuma sana.

MamaKisauni: Subhanallah. Yeye hukaa nyuma kabisa, mlangoni, tuktuk zapita hapo mchana kutwa.

BabaPacha_Likoni: Basi anzeni na hapo kesho. Kisha uliza habari za maikrofoni ya mwalimu: aivaa kifuani, sauti yake yaenda moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto. Wangu hakuna kilichomsaidia darasani kuliko hiyo. Bei yake si ndogo, nakwambia mapema.

MamaKisauni: Yafanya kazi na kifaa chochote?

BabaPacha_Likoni: La, sharti iafikiane na aina ya kifaa chake. Usinunue kabla ya kumuuliza mtaalamu wa usikivu anayekirekebisha sauti kifaa chake.

MamaKisauni: Ahsanteni sana. Maalim namsomea uzi huu wote.