Ati "huyu mpeni kibanda cha jenereta"! Wakuu, huyu mtu atanifunga jela

Bimu_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa chooni kazini, komeo nimesukuma, na mikono inatetemeka kwa masafa ambayo hakuna jengo lingeyahimili. Moderata, nakuomba usiuhamishie uzi huu kule kwenye vichekesho kama mara ile.

Jina sitaji. Mnamjua. Kila ofisi ya wahandisi wa miundo inaye wake, ila wa kwetu ndiye nakala halisi, hao wa kwenu ni fotokopi. Yule wa "enzi zetu". Yule mwenye kofia ngumu nyeupe isiyo na mkwaruzo hata mmoja kwa sababu saiti anaionea kwenye picha. Mnamjua.

Matokeo yametoka leo asubuhi. Mtihani wenyewe wa leseni huku Marekani ni sehemu nne: mizigo ya wima upana, wima kina, mlalo upana, mlalo kina. Upana ni maswali ya mambo mengi kwa ujumla, kina ni ya kuchimba kwa undani. Jumla saa 21. Saa ishirini na moja, wakuu, kuna ndoa hazijafika hapo. Sehemu tatu nimepita. TATU. Imebaki moja, kina cha mlalo, upepo na tetemeko. Nimefungua ule ukurasa mara kumi na moja nikidhani mtandao ndio umefeli, sio mimi. Nikanawa uso, nikaingia kwenye kikao kama mtu mzima.

Kikao ni cha kugawana kazi. Kuna hospitali ya ghorofa sita ambayo nimelala nayo na kuamka nayo tangu ikiwa mistari ya penseli. Nasubiri nisikie jina langu. Huyu bwana, bila kuinua macho kwenye simu yake, narudia, BILA KUINUA MACHO KWENYE SIMU, akasema:

"Huyu mpeni kibanda cha jenereta. Kikianguka hakina mtu."

Watu wakacheka. Hata yule kijana wa mafunzo kacheka! Yule ambaye wiki iliyopita tu nilimweleza kwa upole kwamba kibaraza kinachoning'inia nondo zake kuu zinakaa juu, sio chini. Kaka, mimi nimeokoa kibaraza chako na wewe unanicheka?

"Huyu." Miaka minane ofisini sina hata jina. Huyu.

Miezi saba nimesoma. ASCE 7, kitabu cha kanuni za mizigo ya majengo, nalala nayo kifuani, ina uzito wa mtoto mchanga na inasumbua usiku vilevile. Mwanangu ana miaka mitatu na anajua kusema "dayaframu" kabla hajajua kusema "shikamoo". ACI 318 ya zege, AISC 360 ya chuma, ya mbao, ya matofali, zote zimepita kichwani humu. Halafu mtu anakuja kunipa KIBANDA. Si jengo la jenereta. Si nyumba ya jenereta. Kibanda!

Na wala hakuinua macho.

Nondo_Kumi

Pole sana mkuu. Ila nisamehe, hapo kwenye "hakina mtu" nimecheka mpaka nimeulizwa nacheka nini.

Kona_ya_Nguzo

Kwani kibanda kina ubaya gani? Mwenzio mwaka mzima nachora uzio. Tena uzio wenyewe sio wa ukuta, wa waya. Ningepewa kibanda ningefanya sherehe.

Bimu_Kavu

@Kona_ya_Nguzo tatizo sio kibanda. Tatizo ni kwamba HAKUINUA MACHO. Mtu akikutukana anakuangalia, ndiyo heshima ya matusi.

MamaMsingi

Pole kaka yangu. Tatu kwa nne sio mchezo, wapo wanaotamani hiyo moja tu. Mimi wangu ni wa aina nyingine. Nilipita upana wa wima, nikamwambia kwa furaha zangu zote, akaniuliza: "Asilimia ngapi?" Nikamweleza, ukipita hupewi alama, unaambiwa umepita basi. Wanaofeli ndio wanapewa ile karatasi ya uchambuzi ya kuonyesha walipoteleza. Akasema: "Kwa hiyo huenda umepita kwa kuponea." Nilipofeli kina, nikampelekea karatasi. Akaisoma yote, aya kwa aya, kwa sauti. Wewe wako hakuinua macho. Wangu aliyainua, na bora asingeyainua.

Nondo_Kumi

@MamaMsingi dada huyo umeolewa naye au ni bosi?

MamaMsingi

Vyote viwili. Tuachane na hayo.

Bimu_Kavu

Na kinachoniuma zaidi kile kina cha mlalo chenyewe najua nilipokosea, kulikuwa na swali moja la

Fundi_Omega

Ishia hapohapo mkuu! Ulikubali masharti kabla ya kuanza kwamba maswali hayatoki nje. Utapoteza na hizo tatu.

Bimu_Kavu

Nimefuta. Nilitaka tu kusema lilikuwa gumu. Ugumu sio siri.

Jirani_wa_Dawati

Mleta uzi, naomba uwaeleze na wakuu habari ya kadi.

Bimu_Kavu

Wewe nani? Akaunti imefunguliwa dakika nne zilizopita.

Jirani_wa_Dawati

Mimi mpenda haki tu. Wakuu, huyu mnayempa pole alichapisha kadi 500 za jina, herufi za dhahabu, S.E., yaani mhandisi wa miundo mwenye leseni, imekaa nyuma ya jina lake imetulia. Matokeo hayajatoka! Akazigawa. Mpaka mlinzi wa getini anayo. Yule bosi anayo mbili.

Kona_ya_Nguzo

Uiiiiii 🤣🤣🤣

Nondo_Kumi

Mkuu umeondoa fomu kabla zege halijashika.

Bimu_Kavu

KWANZA zilikuwa 250. PILI mchapaji alikuwa na punguzo. TATU hilo halihusiani na mtu kukosa adabu kwenye kikao akiwa anabonyeza simu. Na wewe wa dakika nne nakujua, sauti ya kiti chako inasikika mpaka huku chooni.

Jirani_wa_Dawati

Toka basi, watu wanataka kuingia.

Fundi_Omega

Tuache utani kidogo, maana kuna jambo limenikera kuliko mleta uzi mwenyewe. Jenereta ni la hospitali? La dharura? Basi aliyesema "kikianguka hakina mtu" ndiye anayetakiwa kurudia mtihani. Kwa ASCE 7, hospitali yenye upasuaji au huduma ya dharura ni Kundi la Hatari la IV, la juu kabisa. Jengo lolote linalotakiwa kusimama ili hospitali hiyo iendelee kufanya kazi nalo linapanda humohumo. Kwa hiyo kibanda chako ni Kundi la IV, mzigo wa tetemeko unazidishwa kwa 1.5. Jenereta lenyewe nalo kama kifaa cha dharura lina Ip, kizidishio cha umuhimu wa kifaa, ya 1.5. Bado boliti za kulifunga kwenye msingi, bado mtikisiko wa mashine yenyewe. Tetemeko likipita na umeme wa gridi ukakatika, hakuna mtu ndani ya kibanda, kweli. Watu wako kwenye meza ya upasuaji.

Bimu_Kavu

SOMENI HAPO JUU. SOMENI TENA. Mtu anakaa kwenye kiti cha mbele, simu mkononi, macho hayainuki, anaita Kundi la IV kibanda!

Jirani_wa_Dawati

Ngoja nielewe. Amefeli mlalo, halafu kapewa kazi ambayo ni mlalo mtupu?

Kona_ya_Nguzo

Sasa bosi anaonekana ana busara, kampa mazoezi ya nyumbani 😂

Bimu_Kavu

Sijafeli mlalo. Nimefeli KINA cha mlalo. Upana nimepita. Msome mtu kabla ya kumzika.

Mzee_wa_Sanduku

Vijana mna machozi ya karibu. Sisi tulifanya wa saa 16, siku mbili mfululizo, Ijumaa wima, Jumamosi mlalo. Asubuhi maswali ya kuchagua, mchana unaandika kwa penseli mpaka kidole kinapinda. Tuliingia na vitabu kwenye masanduku ya magurudumu kama wahamiaji. Mtu akifeli alikaa kimya, alifanya kazi aliyopewa. Kompyuta imekuja mwaka 2024 na kelele zimekuja nayo.

Nondo_Kumi

Mzee, nyie vitabu vilikuwa vyenu. Ukurasa unaujua kwa doa la mkono wako, vibandiko vya rangi vimeota pembeni kama manyoya ya kuku. Sisi unafunguliwa nakala kwenye skrini, unatafuta neno, linakuja mara mia mbili, na saa inakwenda. Nilibandika kitabu changu nyumbani mwezi mzima ili macho yajifunze kurasa. Siku ya mtihani kitabu kimebaki kwenye gari.

Mzee_wa_Sanduku

Na kufua tulifua kwa mkono.

Bimu_Kavu

Mzee samahani, uandishi wako unafanana na wa mtu fulani. Hilo neno "enzi" bado hujalitumia lakini naliona linakuja. Nisije nikawa nalalamika kwa mhusika mwenyewe.

Mzee_wa_Sanduku

Mimi nimestaafu kijana, ofisi yenu siijui. Ila kibanda ningekupa na mimi.

Chuo_cha_Historia

Katika kuongezea. Kuna watu wanadhani mambo madogo hayaui. Julai 1981, Kansas City, njia za juu zilizoning'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency zilianguka, wakafa watu 114. Kiini chake ni kiungo kidogo tu. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu moja inayoshuka kutoka darini na kushika njia ya ghorofa ya nne na ya pili. Ikabadilishwa zikawa fimbo mbili fupi, ile njia ya chini ikawa inaning'inia kwenye boriti za njia ya juu. Nati ya njia ya juu ikabeba mzigo mara mbili. Na hata ule mchoro wa awali haukutimiza kanuni za jiji. Wahandisi walinyang'anywa leseni. Kwa upande wa leseni zenyewe, Illinois walianza kutoa za wahandisi wa miundo tangu 1915, ambapo

Kona_ya_Nguzo

Aisee tulikuwa kibandani, tumefikaje Kansas City?

Jirani_wa_Dawati

Njia ya mzigo hiyo. Aliye juu mngoje chini.

MamaMsingi

Mimi niko pamoja na @Chuo_cha_Historia. Ile ajali ningetamani isomwe kwenye kila kikao cha kugawana kazi, kabla mtu hajasema "hakina mtu". Hivi kuna mtu anajua kama kalkuleta ile ya TI-30X ya zamani inakubaliwa kwenye mtihani? Nataka kurudia kina mwezi wa kumi na yangu imechakaa vitufe.

Nondo_Kumi

Inakubaliwa dada. TI yoyote yenye TI-30X au TI-36X kwenye jina. Casio lazima iwe na fx-115 au fx-991. HP ni 33s na 35s tu. Chukua TI-36X Pro, haina mpinzani.

Kona_ya_Nguzo

Haina mpinzani kwa nani? Casio fx-991 inatatua milinganyo wakati hiyo yako inawaza.

Mzee_wa_Sanduku

Watoto wanagombania njuga. HP 35s, RPN, basi. Unaweka namba kwanza, kisha unasema unataka zifanywe nini. Ni adabu. Unasalimia kabla ya kuomba.

Kona_ya_Nguzo

Mzee hiyo haitengenezwi tena, na alama ya sawasawa haina kwenye RPN. Kalkuleta isiyo na sawasawa ni kama mtu asiyeinua macho kwenye simu.

Mzee_wa_Sanduku

Ninazo mbili. Moja iko kwenye boksi lake.

Nondo_Kumi

Mzee hiyo ya kwenye boksi inauzwa?

Bimu_Kavu

Wakuu turudini kwenye mada! Nimetoka chooni, nimekaa kwenye dawati. Amepita sasa hivi. Kasimama nyuma yangu, sijui sekunde ngapi, akauliza kibanda kimefika wapi. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni Kundi la IV. Akasema "eeh", akaondoka.

"Eeh"! Na simu mkononi.

Fundi_Omega

Aliinua macho?

Bimu_Kavu

Sijui, nilikuwa nimempa mgongo. @Fundi_Omega, jenereta lina tani nne na limekaa kwenye springi za kuzuia mtikisiko. Boliti zake nazipigia omega, kile kizidishio cha nguvu ya ziada, au sipigii?

Fundi_Omega

Ziko kwenye zege? Njoo inboksi, hiyo ni ndefu. Na usisahau zile springi zinahitaji vizuizi vya pembeni, la sivyo jenereta litatembea.

Kona_ya_Nguzo

@Mzee_wa_Sanduku hujajibu bei.

Mzee_wa_Sanduku

Haiuzwi. Nilikuwa nawaambia tu kwamba ninazo.