Ushauri: Albamu yetu ya Krismasi ya sauti tupu imewekewa kinanda, na besi haisikiki. Tuitoe hivyo hivyo?

Teno wa Nkuhungu:
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kama humu kuna mwanakwaya au fundi wa mitambo, naomba anisaidie mawazo.

Tuko sita hapa Dodoma, wanaume wanne na dada wawili, tunaimba bila ala. Tulianza kwa bahati tu: umeme ukikatika ibada inaendelea, kinanda kimekufa, basi sisi tunasimama. Baadaye watu wakaanza kutuita kwenye harusi na misiba. Mwaka huu tukaona tutoe albamu ya Krismasi, nyimbo tisa. Tukachanga, tukapata studio (siitaji), tukatanguliza laki nane kati ya milioni moja na nusu.

Studio tuliimba mmoja mmoja. Unavaa hedifoni, unapigiwa kinanda masikioni, unaimba sehemu yako, unatoka, mwenzako anaingia. Wiki tatu. Juzi nimepewa nyimbo nne kwenye flashi nikaenda kusikiliza kwa dada yangu, mtaa wa Kisasa. Kwanza kuna kinanda chini ya kila wimbo, cha "kujaza" eti. Sauti zimenyooshwa mpaka sijui yupi ni mimi. Halafu besi wetu, ambaye akiimba kanisani unaisikia kwenye benchi, kwenye simu hayupo kabisa. Dada kasikiliza wimbo mzima, akaniuliza, "Hii ni ya kwenu au ni ya kwenye redio?" Sijajua kama alisifia.

Leo ni tarehe 8 Oktoba. Wenzangu watatu wanasema tuitoe, hela imeshaenda. Wawili wanataka kurudia. Kura yangu ndiyo imebaki.

Zabibu Kavu:
Nimeshavuta kiti. Ila kwa historia hiyo, mgao wa umeme utajwe kwenye shukrani za albamu. Na mgeni rasmi wa uzinduzi ni nani?

Fundi wa Makole:
Mkuu, nimefanya kazi ya sauti miaka kadhaa, nikueleze kilichotokea.

Kinanda kimegawa kila nusu toni vipande 100 sawasawa ili kiweze kupigwa ufunguo wowote. Kutoka do mpaka mi ya kinanda ni vipande 400. Lakini watu wakiimba do-mi-so bila ala, sikio lenyewe linaivuta ile mi ishuke mpaka kama 386, na hapo ndipo sauti zinashikana, unasikia kama kuna mtu wa saba anaimba juu yenu. Nyie mmeimba mmoja mmoja mkifuata kinanda, kisha programu ya kunyoosha sauti ikaibana kila noti kwenye zile mia mia. Yule mtu wa saba kafukuzwa. Dada yako yuko sahihi, ni ya redio.

Besi ni jambo jingine. Noti yake ya chini, tuseme E ya chini ya besi, ina mitetemo 82 hivi kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa hiyo, ni ndogo mno. Kinachofanya usikie besi kwenye simu ni zile sauti ndogo za juu zinazozaliwa na noti ileile. Sikio likizipata, linajaza lenyewe iliyokosekana. Prodyuza akizisafisha akidhani ni mikwaruzo, besi wako amekwisha. Mwambie azirudishe, aziongezee kidogo, halafu asikilize kwenye simu ya bei rahisi, siyo kwenye spika zake tu.

Kwa hiyo besi inatibika. Kunyooshwa kunatibika kama ametunza rekodi ghafi. Muulize leo leo. Kilichobaki ni kwamba hamkuimba pamoja, na hicho hakina dawa ya kompyuta.

Msalato Jumamosi:
Mnamwonea prodyuza. Kijana anaona watu sita wanaingia studio bila biti, anajua sokoni itakufa, anasaidia. Krismasi watu wanataka kucheza. Mlimwambia kwa maandishi kwamba hamtaki kinanda? Kama hamkumwambia, lipeni iliyobaki mtoe albamu, mwakani mtajipanga.

Teno wa Nkuhungu:
Aliambiwa siku ya kwanza mbele yetu sote, na ujumbe wa WhatsApp upo. Alijibu kwa kidole gumba. Fundi, nimempigia, rekodi ghafi anazo. Mungu ni mwema.

Mama Nota:
Mwanangu marahaba. Nafundisha kwaya huku Mpwapwa tangu nota tunaandika ubaoni kwa chaki, d r m. Nakuuliza kitu kimoja: mkiimba pamoja bila kinanda, mnamaliza kwenye ufunguo mlioanzia? Maana prodyuza wengi wanaweka kinanda masikioni kwa sababu waimbaji wanashuka. Chukua simu, gonga do mwanzoni, imbeni wimbo mzima, gonga tena mwishoni. Kama mmeshuka nusu toni, msimlaumu kijana peke yake.

Dawa ya kushuka ninayoijua ni kuhamisha ufunguo. Wimbo mliouzoea kwenye F upelekeni F kali (nusu toni juu), au mshushe E. Mwili unaamka, unaacha kuimba kwa mazoea. Halafu waangalie wanaoimba mi. Hao ndio huwa wanazama, hasa wimbo ukiwa wa polepole, na nyimbo za Krismasi nusu yake ni za kubembeleza mtoto.

Mkirudia, simameni nusu duara mkionana macho. Besi ni mzito asubuhi, soprano asubuhi hajafunguka, kwa hiyo saa nne hivi kila mtu anakuwa amepata chake. Na msingoje Desemba. Mvua ya Dodoma ikishaanza, chini ya bati hamtarekodi kitu.

Fundi wa Makole:
Mama Nota kamaliza. Niongeze tu kwamba chumba kiwe na magodoro ukutani na mazulia chini, feni izimwe, friji ya jirani izimwe kama mnaelewana naye. Maikrofoni mbili katikati ya nusu duara, na moja karibu na besi. Mtu akikosea wote mnarudia. Inauma, lakini ndiyo kazi.

Wakili wa Area C:
Nyimbo zenyewe ni zipi? Maana watu wanadhani kila wimbo wa Krismasi ni wa bure.

Teno wa Nkuhungu:
Tano za kitabuni, pamoja na ule wa usiku mtakatifu. Jingle Bells kwa Kiswahili chetu wenyewe. Mary's Boy Child, ule ambao Majengo sokoni unapigwa Desemba nzima. White Christmas. Na mmoja tuliotunga.

Wakili wa Area C:
Haya. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Usiku mtakatifu: maneno ya Joseph Mohr, muziki wa Franz Gruber, uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi 1818. Wote walishafariki karne ile ile ya 19, uimbeni mpaka asubuhi. Jingle Bells ni ya 1857, nayo huru. Lakini Mary's Boy Child, ambao wengi wanaujua kwa kundi la Boney M, 1978, ni wa Jester Hairston, aliyefariki 2000. White Christmas ni ya Irving Berlin, amefariki 1989. Hizo mbili zina wenyewe. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, muulize utaratibu kabla ya kuuza.

Na hapa watu wa kwaya mnajikwaa: muziki wa wimbo unaweza kuwa huru huku tafsiri ya Kiswahili ikiwa na mwenyewe. Waulizeni wachapishaji wa kitabu chenu.

Mimi binafsi White Christmas ningeitupa hata bila sheria. Theluji gani, Nkuhungu?

Chilonwa:
Mbukwenyi! Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyesema neno. Mko Ugogo, nchi ambayo watu huimba sauti tatu nne bila kufundishwa nota, nchi ya marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, na kwenye nyimbo tisa hakuna hata mmoja wa Kigogo? Mtu mmoja aige kwa mdomo ilimba, ile ala ya vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, besi ashike mapigo ya muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Yule kijana wa Pentatonix, kundi la Marekani linaloimba bila ala, anapiga ngoma kwa mdomo mnamshangilia, bibi zenu wanabana ngoma mapajani mnaona aibu.

Msalato Jumamosi:
Wazee wa kanisa wataipitisha hiyo muheme?

Chilonwa:
Wataipitisha. Nusu yao mama zao walikuwa wapigaji.

Teno wa Nkuhungu:
Mrejesho, wakuu. Tumekaa jana baada ya mazoezi. Jaribio la Mama Nota tumelifanya, nyimbo tatu. Mmoja tulimaliza sawa, wawili tulishuka, na mmoja kati ya hao tulishuka karibu toni nzima. Kila mtu akaangalia chini. Nimempigia prodyuza nikamwambia hilo wazi. Naye akakubali kwamba kinanda alikiweka kuficha, aliona aibu kutuambia.

Nimepiga kura ya kurudia, na wenzangu wamekubali. Tumepunguza, zitakuwa nyimbo sita badala ya tisa. Atakuja na maikrofoni zake chumbani kwa besi, Ilazo, ukuta wa tofali na dari ya jipsamu, Jumamosi mbili za Novemba, kwa ile laki saba iliyobaki. Zile mbili zenye wenyewe tumeziacha. Theluji imeondoka bila ubishi.

Mmoja wa Kigogo umeingia, ila anayejua Kigogo kwetu ni soprano peke yake, na chake ni cha utotoni. Chilonwa, nimekutumia ujumbe wenye maneno, ukiweza uyapitie kabla ya Alhamisi.