Madalali wa dawa Marekani: wanashusha bei au wanakula cha juu?

Mtoa mada: Wakuu habari. Niko kaunta ya famasi huku Ohio miaka mingi sasa. Bei ikiuma watu wanatukana mfamasia, kumbe katikati kuna mtu hawamuoni, wenyewe wanamwita PBM, mimi namwita dalali. Anapatana bei na viwanda kwa niaba ya bima na waajiri, anaamua dawa ipi iingie kwenye orodha ya bima, halafu yeye ndo anailipa famasi. Watatu tu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, wanapitisha karibu 80% ya vyeti vya dawa nchi nzima, na kila mmoja ana ndugu zake wa bima na famasi ndani ya kampuni hiyohiyo.

Kuna mama alikuja kuchukua dawa ya presha, kompyuta ikasoma alipe dola 20 kwa bima. Bila bima tulikuwa tunaiuza 9. Kabla ya sheria ya Oktoba 2018 kuna mikataba ilikuwa inatuziba mdomo kabisa, unapokea hela yake unamwambia siku njema. Sasa hawa wafutwe au wabanwe?

Mchangiaji 1: Mkuu unawaonea. Bei anapanga mwenye kiwanda. Mi niko HR kampuni ndogo, watu 60, tukajipatanie wenyewe na kiwanda cha insulini kama Novo Nordisk si watatucheka? Dalali anarudi na punguzo, tunashushia makato ya bima ya wafanyakazi. Na 2023 kiwanda cha Eli Lilly wamekata bei ya insulini yao ya Humalog 70%, si walikuwa na uwezo huo siku zote?

Mtoa mada: Kwa Lilly nakupa nusu. Ila punguzo la dalali linahesabiwa kwa asilimia ya bei iliyoandikwa, bei ikipanda na punguzo linanona, dawa ya bei ndogo inatupwa nje ya orodha maana haina kitu cha kumpa. Hicho ndo FTC, tume ya serikali kuu inayolinda ushindani wa biashara, waliwashtaki nacho wote watatu Septemba 2024 kwenye insulini. Punguzo mnalipata nyie, sawa, lakini mwenye kisukari ambaye Januari bima yake haijaanza kulipa (mwaka ukianza unajilipia kwanza mpaka kiwango fulani) anatozwa kwa ile bei kubwa, yaani mgonjwa ndo anawapunguzia wazima makato yao 😅

Mchangiaji 2: Mi sina bima naagiza Cost Plus, famasi ya mtandaoni ya bilionea Mark Cuban, bei ya kununulia, wanaongeza 15% na ada ya famasi na posta, basi. Ila dawa nyingi za majina makubwa hawana.

Mchangiaji 3: Jimbo la Arkansas walipitisha sheria 2025 dalali asimiliki famasi, jaji akaisimamisha Julai. Mi naona afadhali, maana zikifungwa hizo famasi mtu wa kijijini aende wapi?

Mtoa mada: Basi wabanwe. Huku kwetu mkaguzi wa jimbo 2018 alikuta kwenye Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, mwaka mmoja tu madalali wamebaki na dola milioni 224.8, tofauti ya walichotoza na walichozilipa famasi. Oktoba 2022 jimbo likaweka dalali wake mmoja, anafanya kazi kwa mkataba wa serikali. HR, mkataba wenu na dalali ushausoma?

Mchangiaji 1: Uko kwa wakala wetu. Mwaka jana niliuomba, wakanitumia kurasa mbili.